Msoma Mishale

Maulidi, mwenye banda letu la gemu, aliponipa pedi ya kuchezea na kuniambia kwamba kuanzia siku ile mimi ndiye nitakayeisomea timu mishale, ningeweza kukataa. Nilikuwa darasa la tano, na mtoto wa darasa la tano anajua kukataa. Nyumbani nilikataa karibu kila nilipotumwa maji. Ningesema nina kazi za shule. Ningesema vitu hivyo sivijui. Badala yake nilipangusa mikono kwenye kaptula, nikaipokea pedi iliyokuwa inanata kwa mafuta na makamasi ya watoto wengine, nikasema, "Sawa, nitasoma."

Juzi nilikuwa Kasulu, nikaingia kwenye duka la vifaa vya simu kutafuta chaja. Nyuma ya kaunta palikuwa na chumba, na humo vijana walikuwa wamejilaza kwenye makochi wakicheza gemu la mpira, toleo jipya kabisa la gemu lile lile tulilokua nalo sisi. Wachezaji wake siku hizi wana vinyweleo shingoni. Jasho linawatiririka, wanatema mate uwanjani, na mate yenyewe unayaona yakitua kwenye nyasi. Kijana mmoja akanisogezea nafasi. "Karibu, mzee. Kaa uone teknolojia." Vijana wananiita mzee siku hizi na sijisumbui kuwakatalia. Nilikuwa karibu kukaa, ndipo harufu ikanifikia: plastiki iliyopata moto, kwapa, soksi mbichi, mafuta ya mihogo ya kukaanga. Picha zote zimebadilika, harufu haijabadilika hata kidogo. Nilitoka bila chaja, nikasimama kando ya mtaro nikitema mate mpaka mdomo ukakauka.

Wenzangu wa rika langu hupenda kuyasimulia mabanda yale ya gemu kwa raha. Nawasikia kwenye harusi na misiba wakikumbushana nani alikuwa mbabe wa nani, na toleo lipi lilikuwa tamu kuliko jingine. Mimi hunyamaza. Wakiniuliza nasema nilikuwa sipendi gemu, na hiyo ndiyo njia fupi ya kumaliza maneno.

Banda la Maulidi lilikuwa Kibondo mjini, nyuma ya duka lake la kuchajia simu. Lilikuwa la mabati pande zote, sakafu yake udongo mwekundu uliomwagiwa maji asubuhi ili vumbi litulie, kisha ukakanyagwa kutwa nzima ukawa tope lenye maganda ya karanga. Kulikuwa na mabenchi mawili, tivii ya chogo, na jenereta nje ya ukuta ambayo moshi wake ulipenda kuingia ndani kuliko kwenda zake. Choo hakikuwepo. Tulikojoa nyuma ya bati, upande ule ule wa jenereta, na jua lilipowaka bati lile lilituletea ndani kila tulichokipeleka nje. Pedi zilizunguka kutoka mkono hadi mkono, na kila mkono uliacha kitu chake: magamba ya dagaa, mawese, damu ya kidonda kilichotoneshwa. Mchezaji akishindwa sana aliuma waya wa pedi. Waya ule ulikuwa na alama za meno ya mtaa mzima.

Maulidi mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, amekuja huku milimani kumfuata kaka yake aliyekuwa na duka la nguo, akabaki. Alikuwa mtu msafi na mwenye heshima. Alituita "mwanangu" hata alipotufukuza, na hakushika pedi zetu bila kitambaa. Ndiye pia aliyekuwa mfadhili wa Mshikamano, timu ya mtaa wetu. Jezi zilinunuliwa na yeye, mipira yeye, na maji ya mapumziko yeye.

Gemu la kwanza ninalolikumbuka lilikuwa na wachezaji wenye vichwa kama matofali ya kuchoma. Vidole hawakuwa navyo; mkono uliishia kwenye kitu mfano wa mwiko. Washangiliaji walikuwa picha moja iliyobandikwa, mtu mmoja mwenye fulana ya njano akijirudia jukwaa zima. Majina ya timu kubwa za Ulaya yalikuwa yamepindishwa, na ya wachezaji vilevile, kwa sababu, nilikuja kujua ukubwani, waliotengeneza gemu hawakuwa na ruhusa ya kuyatumia yale ya kweli. Sisi tulikuwa na maelezo yetu. Kila mtu kwetu alikuwa na jina la ubatizo, au la Kiislamu, na jina la Kiha analoitwa nyumbani. Kwa hiyo tuliamua kwamba haya yaliyopindishwa ndiyo majina ambayo mama zao waliwaita. Nilijiona nimeingia nyumbani kwa wachezaji wale kupitia mlango wa jikoni.

Maandishi ya gemu yalikuwa ya Asia, vijumba vidogo vya mistari ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Mimi niliyakariri kwa mahali pake, nikabonyeza huku na huku mpaka nikajua kila kijumba kinafungua nini. Ndiyo sababu Maulidi aliniita Profesa. Na ndivyo nilivyokipata kijumba cha kuandika wachezaji wapya. Nilifuta timu ya nchi ambayo hatukujua iko upande gani wa dunia, nikaandika MSHIKAMANO.

Wa kwanza kumwandika alikuwa kaka yangu Deo. Baba yetu alikuwa amefariki, na Deo alikuwa ameacha shule kidato cha pili ili afyatue matofali, mimi niendelee kuvaa sare. Alicheza winga wa kushoto. Siwezi kumweleza vizuri kwa mtu ambaye hakumwona. Alikimbia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kichwa kimeinama, na mabeki walipomfikia alikuwa ameshaondoka zamani. Kwenye gemu nilimpa nywele ndefu ambazo mama asingeziruhusu, na viatu vyekundu. Uwanjani alivaa raba zilizoshonwa kwa uzi wa katani.

Sasa mishale. Kabla ya kila mechi ya gemu, kando ya jina la kila mchezaji ulitokea mshale. Ukiwa mwekundu na umetazama juu, mtu huyo yuko vizuri siku hiyo. Ukiwa wa bluu na umetazama chini, mtu huyo ni mzigo, muweke nje. Kati ya hapo kulikuwa na mishale iliyolala na iliyoinama. Tulipoanza kucheza na Mshikamano yetu, mishale ikatokea pia kando ya majina ya watu tuliowajua, waliokuwa wakati huo huo sokoni au shambani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona hilo ni jambo la kucheka.

Siku moja ya mechi aliingia kocha Gwimo, fundi baiskeli, mikono myeusi kwa grisi.

"Nasikia humu ndani mna timu yangu."

"Imo, kocha," Maulidi akasema. "Profesa ameiandika yote. Ungekuwa unacheza angekuandika na kitambi chako."

Gwimo akainama kwenye tivii. "Na huu wa bluu kwa kipa wangu ni wa nini?"

"Maana yake leo hayuko sawa," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Mtambo."

Alicheka, akatoka. Jioni ile kipa wetu aliachia mpira ukapita katikati ya miguu yake, kisha mwingine, kisha akakaa chini golini akashika kichwa. Alikuwa na malaria. Aliamka nayo asubuhi, hakumwambia mtu. Watu wenye akili wangesema kipa akiumwa aseme. Sisi tulisema mtambo ulijua.

Kesho yake wazee wa timu wakaja, wakajaza banda zima. Ilibidi waje, kwa sababu walikuwa na ugomvi wa muda mrefu na mfadhili wao. Timu nyingine zote zilikuwa na kamati ya ufundi, na kila mpenda mpira wa nchi hii anajua kamati hiyo haifundishi kupiga kona. Wazee wa timu walitaka Mshikamano nayo itafute mtaalamu kutoka Muyama. Maulidi alikataa kwa sababu ya dini yake.

"Siwezi kutoa kitu changu kikanunue njiwa wa kuzikwa golini," alisema siku ile, amesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi. "Lakini hii si uganga, mabwana. Hii ni kompyuta. Mjapani hawezi kukaa kiwandani kwake akaandika mishale ya uongo. Ana faida gani?"

"Kweli," mzee mmoja akasema. "Atudanganye sisi watu wa Kibondo ili apate nini?"

Gwimo alikuna kichwa. "Na nani atasoma?"

Wote wakanitazama. Nikiwafikiria leo, watu wazima wenye ndevu, wenye wake na mashamba, wameinama nyuma ya mtoto mwenye kamasi wakisubiri jibu lake, naona haya. Siku ile sikuona haya. Siku ile niliona nimekuwa mkubwa.

Toleo la pili liliingia wakati wa mvua. Kaka yake Maulidi alilileta kutoka Kigoma, ndani ya bahasha ya khaki, na jalada lake lilikuwa na mchezaji mpya akipiga kelele. Tulilisubiri kama mgeni wa kitaifa. Ndani yake jezi zilipepea, mvua ilinyesha, na wachezaji walianguka wakachafuka mgongoni. Washangiliaji sasa walikuwa picha mbili zinazopokezana. Chini ya hayo lilikuwa gemu lile lile. Mpira ulidunda vilevile na goli lilifungwa kwa ujanja ule ule wa kupiga ukiwa pembeni. Lilikuwa tofali la zamani lililopakwa chokaa. Lakini Mshikamano yangu haikuwemo. Kadi ya kutunzia kumbukumbu za gemu ilikataa kusomwa na toleo jipya, ikanibidi niandike upya mtu mmoja mmoja. Kila toleo lilipokuja nilimzaa kaka yangu upya, na kila mara nilimzaa mzuri zaidi: mrefu zaidi, mwenye kasi zaidi, shingo iliyonyooka. Deo wa kweli alikuwa anakonda kwa matofali.

Ni kwenye toleo hilo umeme ulipokatika katikati ya kusoma. Nilikuwa nimeshaona mishale: Deo alikuwa juu, beki wetu mrefu chini. Jenereta ikawashwa, mtambo ukaamka, nikafungua tena. Beki alikuwa juu. Deo alikuwa amelala. Nilikaa nikiutazama mwili wa kaka yangu wa vijumba vya rangi, nikajieleza kwamba beki amepumzika wakati umeme umekatika, na Deo amechoka kwa kusubiri gizani. Niliamini hivyo siku nzima. Nilimwuliza hata Deo mwenyewe jioni, wakati tunakula ugali wa muhogo.

"Leo mchana ulichoka ghafla?"

"Mimi nachoka kila siku, wewe mtoto. Kula."

Halafu nilikuja kujaribu peke yangu, Maulidi akiwa ameenda kuswali. Nilizima nikawasha. Mishale ikabadilika. Nikazima nikawasha. Ikabadilika tena. Hata kuzima hakukuhitajika, ilitosha kutoka na kurudi. Mtu hawezi kupona, kuumwa na kupona tena kwa muda wa kufumba macho. Nilielewa. Mtambo haukujua lolote juu ya mtu yeyote; ulikuwa unarusha tu, kama sisi tulivyorusha mbegu za bao tukiwa tumechoka kuhesabu.

Ningetoka nje pale pale nikamwambie Maulidi. Angecheka, angekasirika kidogo, na mambo yangeishia hapo. Sikutoka. Nilikuwa nimezoea kupishwa kwenye benchi. Nilikuwa nimezoea kuitwa na watu wazima njiani, "Profesa, Jumapili tukoje?" na kupewa andazi ambalo mkono ulionipa ulikuwa umetoka kupenga kamasi, na nikalila. Kwa hiyo nikafanya jambo lililoonekana kwangu la ukarimu. Kila siku ya mechi niliwahi bandani kabla ya wakubwa, nikatoka na kurudi, nikatoka na kurudi, mpaka mshale wa Deo ukawa mwekundu na umesimama. Ndipo nikawaita. Deo alicheza kila mechi ya msimu ule na uliofuata, na kila mtu alisema hajawahi kuonekana mtu ambaye mshale wake hauanguki.

Yeye hakujua. Mpira wake ulikuwa wa kwake mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeanza kuona ni wa kwangu.

Toleo la tatu lililetwa na Mkongo mmoja wa kambi ya wakimbizi aliyekuwa akija kuuza vitenge. Lilikuwa na mtangazaji wa Kifaransa ambaye hakunyamaza, na nyasi zilizokatwa kwa mistari. Nyuso sasa zilikuwa na macho yanayofumba. Kuna mtoto alilia siku ya kwanza, mchezaji alipomgeukia akafumba macho. Mishale nayo ilikuwa imenenepa na kung'aa, kana kwamba ilikuwa imekua pamoja nasi. Wazee wa timu walifurahi. "Huu sasa ndio mtambo," walisema. "Ule wa zamani ulikuwa unakisia."

Msimu huo ndio Mshikamano ilipofika fainali ya kombe la wilaya zetu, iliyopangwa kuchezwa Kasulu. Habari iliyotangulia fainali ilikuwa kubwa kuliko kombe. Mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni kule Kigoma atakuja kutazama, na atachukua mchezaji mmoja, amsomeshe mpaka kidato cha nne bila ada. Deo alikuwa bado na umri wa kurudi darasani kama angerudi mwaka ule. Habari ilimfikia mama. Alikwenda kwenye sanduku akatoa shati jeupe la shule la Deo lililokuwa limekunjwa tangu aache, akalianika uani, mchana kweupe, majirani wote walione.

Siku chache kabla ya safari, mazoezini, kocha Gwimo aliniita mbele ya timu nzima ili nieleze mishale ya Kasulu itasomwaje, tusomee nyumbani au tubebe mtambo kwenye lori. Nilikuwa nimefungua mdomo kujibu kwa sauti yangu ya kiprofesa, Deo akanikatiza.

"Kocha, mimi nina miguu. Sihitaji mshale wa kwenye tivii kuniambia kama ninayo."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Anayesema hivyo ni wewe ambaye mtambo unakupenda."

"Unipende usinipende. Huyu ni mtoto. Anatakiwa awe nyumbani amemchotea mama maji." Akanigeukia, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. "Nenda nyumbani, mdogo wangu. Huu ni upuuzi, na wewe unajua ni upuuzi."

Vijana wakacheka. Wengine walianza kuniita Profesa wa Maji, na jina hilo lilinifuata sokoni. Nililia nyuma ya bati la Maulidi, kwenye mkojo na moshi, pua yangu imekandamizwa kwenye mkono. Sijui kama Deo alikuwa amegundua au alisema tu. Nilikuwa nimempa mishale myekundu miaka yote hiyo, na hakuna hata siku moja aliyosema ahsante, kwa kitu ambacho hakujua amepewa.

Asubuhi ya safari ilikuwa na ukungu na baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno. Lori lilikuwa linanguruma nje ya duka. Sikuwahi mapema kama kawaida yangu. Nilikuja wakati Gwimo na Maulidi wameshafika, nikafungua mbele yao. Mishale ikatokea. Wa Deo ulikuwa wa bluu, umetazama chini, umenenepa na unang'aa.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kutoka. Ningesema nimekosea, nifungue tena, wasingejua. Niliuona mshale ule, nikakumbuka kicheko cha wale vijana, nikaondoa kidole.

"Deo?" Gwimo akauliza.

"Chini."

"Chini kidogo?"

"Chini kabisa."

Gwimo alikaa kwenye benchi. "Huyu ndiye mguu wangu wa kushoto," alisema. "Leo kuna mwalimu."

"Kocha, mimi pia nampenda yule kijana," Maulidi akasema, na ninaamini alimpenda. "Lakini tusiwe watu wa kuufuata mtambo unapotufurahisha tu. Nafasi yake anaanza yule mtoto wa fundi cherehani. Deo ataingia baadaye, mshale ukiwa umepoa."

Niliwasikia wakiyasema hayo kwa uzito, kama watu walio hospitalini. Nilizima mtambo vizuri, nikaufunika kwa kitambaa.

Njia nzima ya Kasulu Deo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa lori akiwa amevaa jezi ndani ya sweta. Kwamba haanzi aliambiwa pale pale uwanjani, timu ikiwa inapasha. Hakubisha. Alikwenda akakaa chini pembeni ya mstari, magoti yamekunjwa, akafungua na kufunga kamba za raba zake. Yule mwalimu wa Kigoma alikuwa upande wa pili, mwanamume mfupi mwenye filimbi shingoni, akitafuna muwa na kutema makapi miguuni pake. Nilimtazama yeye kuliko mpira. Kila alipotema nilihisi ananitemea mimi.

Mtoto wa fundi cherehani hakucheza vibaya. Alifunga, kwa mpira uliomgonga kwenye nyonga. Kipindi cha pili mawingu yalikuja meusi kutoka upande wa ziwa, na mwalimu akaanza kutazama juu. Alizungumza na Gwimo kwa muda mfupi, akampiga mtoto wa fundi bega alipopita karibu na mstari, akapanda pikipiki iliyokuwa inamsubiri akaondoka kabla ya mvua. Matone ya kwanza yalipoanguka ndipo Gwimo alipomwita Deo.

Alicheza kipande kile cha mwisho kwenye matope, mbele ya watu waliokuwa wanakimbilia kujikinga. Sijapata kuona mtu akicheza vile. Alipita upande wake wa kushoto mara baada ya mara, na kila alipofika mwisho hapakuwa na mtu wa kumpa mpira, kwa sababu wenzake walikuwa wanalinda ushindi.

Tulishinda. Walinibeba mimi. Wanaume wazima, wamelowa, wananuka jasho na tope na pombe ya ndizi, walininyanyua mabegani wakaimba, na kiganja cha mtu kilikuwa chini ya paja langu, cha moto na chenye utelezi, na mpaka leo nikigusa nyama mbichi nakikumbuka kiganja kile. Kutoka juu kule nilimwona Deo amesimama peke yake kwenye mstari, maji yanamtoka kidevuni. Alikuwa anatutazama.

Mchana uliofuata alikuja bandani. Hakuwa amewahi kuingia humo hata siku moja. Watoto walimpisha. Alisimama mbele ya tivii, akazungusha macho kwenye mabati, kwenye matope, kwenye waya wenye alama za meno, akaziba pua.

"Nionyeshe mshale wangu."

Nilifungua. Ulikuwa mwekundu.

"Leo nimepona," alisema. Akanyoosha mkono akachukua pedi, akaishika kwa ncha za vidole. "Unatokaje?"

Nilimwonyesha. Akatoka, akarudi. Mshale ulikuwa umelala. Akatoka, akarudi, umeinama. Akaendelea hivyo, polepole, huku mtangazaji wa Kifaransa akianza na kukatizwa, akianza na kukatizwa, mpaka Maulidi akaja mlangoni na kitambaa chake. Maulidi alitazama tivii. Niliona uso wake ukibadilika, mtu mzima anaelewa kitu mbele ya watoto, kisha akageuka akarudi dukani.

"Ulikuwa unajua," Deo akaniambia.

"Ego," nikakubali kwa Kiha, kama mtu anayemjibu mama.

"Tangu lini?"

"Toleo la pili."

Aliiweka pedi juu ya benchi. Akafuta vidole vyake kwenye suruali, vyote, kimoja kimoja, akatoka.

Banda liliendelea muda kidogo. Timu ilimpoteza mfadhili kimyakimya. Hakuna aliyetangaza kitu, ila jezi zilizofuata hazikununuliwa. Baadaye wakaja watu na mitambo mipya myeusi, na toleo ambalo nyuso zake zilitokana na nyuso za kweli. Nasikia siku hizi mishale inaletwa kwa mtandao kila wiki, kufuatana na mechi zilizochezwa duniani, ili iwe ya kweli. Aliyenieleza hivyo alidhani nitafurahi. Mimi niliona kitu kilichooza ambacho kimepakwa manukato.

Mtoto wa fundi cherehani alisoma Kigoma, akamaliza, akawa bwana afya. Mimi nilisoma kwa matofali ya Deo mpaka kidato cha nne, kwa sababu aliendelea kuyafyatua, na kila muhula pesa ilifika kwa mama. Mimi hakuniambia neno. Nilipomaliza mtihani wa mwisho aliacha kazi siku hiyo hiyo, akahamia Kagerankanda kulima mahindi kwenye shamba la watu. Nilimfuata mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza alinisikiliza akiwa anaendelea kupalilia. Mara ya pili mkewe alinipa maji na kuniambia hayupo, na jembe lake lilikuwa limesimama mlangoni. Mama alipofariki tulishika upande mmoja wa jeneza, akanipa mkono kama wanavyopeana majirani, akaondoka kabla ya chakula.

Kaka yangu hakurudi shule na hakugusa mpira tena. Watoto wake ninawajua kwa majina tu, wao hawanijui. Yeye bado yu hai, mwendo wa asubuhi moja kutoka ninapokaa, na mimi sina kaka.